Bahasha Yenye Jina la Mtoto

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza kama kuna maana kuwalipia watoto jarida la kila mwezi kwa mwaka mzima, au ni pesa ya kwenda bure, maana mkubwa ana miaka tisa na anashinda kwenye simu yako, na mdogo ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Umeomba jibu fupi. Nitajaribu.

Hesabu kwanza, kwa kuwa hiyo ni rahisi. Usitazame bei ya mwaka peke yake, tazama na idadi ya matoleo. Mengine hutoka mara 12 kwa mwaka, mengine mara 6 tu. Gawanya, kisha linganisha na bei ya nakala moja moja. Soma maandishi madogo, kwa sababu yapo yanayokata pesa tena mwaka wa pili bila kukuuliza, na mara nyingi kwa bei iliyozidi ile ya kukukaribisha. Azima nakala maktaba, uiache mezani bila kusema neno, uone nani ataichukua. Halafu pekua matangazo. Highlights, jarida la watoto la Marekani lililoanza mwaka 1946, lilijulikana kwa kutokuwa na matangazo ya biashara, lakini yapo mengine ambayo mtoto akiyafunga, anachokumbuka ni vitu vya kununuliwa.

Hayo yamekwisha. Ila kinachokusumbua wewe, ukiniruhusu, si bei. Unaogopa hawatasoma. Na utajuaje kama wanasoma? Hapo ndipo mimi nilipokosea, tena kwako wewe mwenyewe. Upande wako unaukumbuka. Upande wangu sijawahi kukueleza.

Ulikuwa na miaka minane. Nililipia mwaka mzima kwa jina lako, si langu wala la mama yako, kwa sababu niliamini, na mpaka leo naamini, kwamba bahasha iwe na jina la mtoto. Ile ya kwanza ilipofika ulilisoma jina lako kwa sauti, la kwanza, la kati na la mwisho, kama mtu anayeitwa mbele ya watu kupokea cheti. Ukaifungua kwa ukucha, polepole, hukutaka ichanike. Mama yako aliacha alichokuwa akifanya akaja kutazama.

Miezi ikapita, nami nikageuka mkaguzi. Siku moja niliingia chumbani kwenu nikakuta matoleo matatu uvunguni mwa kitanda, moja limekaliwa na kiatu. Nikayafungua. Hadithi ndefu za mbele zilikuwa hazijaguswa, karatasi bado zinang'ang'aniana. Nikasema moyoni, huyu hasomi. Mwaka ulipokwisha wakaniandikia kuuliza kama naendelea, nikajibu hapana. Wewe sikukuuliza.

Baadaye ukaanza kuziwahi barua. Kila zikiletwa unazipekua moja moja, unazirudisha mezani, unaondoka kimya. Hata mama yako akakuuliza unatafuta nini. Ukasema ulituma mchoro. Ulikuwa umemchora bundi kwa ajili ya ukurasa wa wasomaji, kaka yako akakuandikia anwani, stempu ukanunua kwa pesa zako. Ulikuwa unangoja kuona kama ametoka.

Nikarudi chumbani nikayatoa yale majarida tena. Safari hii nilianzia nyuma. Kurasa za mwisho zilikuwa zimelegea, pini inakaribia kuchomoka. Fumbo la maneno limejazwa kwa penseli, likafutwa, likajazwa upya mpaka karatasi ikatoboka. Kwenye ukurasa wa michoro ya wasomaji ulikuwa umepiga mstari chini ya kila mtoto wa miaka minane. Ulikuwa unasoma, mwanangu. Ulikuwa unaanzia pale panapokuhusu, nami nilikuwa nimekagua upande usio wako.

Niliwaandikia kuomba matoleo tuliyoyakosa. Sikujibiwa. Nikalipia upya, likaanza kuja tena baada ya miezi miwili, na bundi hakuwamo. Labda alitoka katika yale tuliyoyakosa. Majarida hutayarishwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo mchoro wa mtoto hukaa ukingoja zamu yake. Mwaka 1899 jarida la watoto la St. Nicholas, kulekule Marekani, lilianza kuchapisha kazi za wasomaji wake na kuwapa beji walio bora, na mmoja wa watoto waliotuma alikuwa E. B. White, aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa. Sisemi bundi wako angekufikisha huko. Nasema kuna mzazi nyumbani kwao ambaye hakusitisha. Hadi leo nikikuta majarida ya zamani yamerundikwa mahali, mkono unakwenda wenyewe kwenye kurasa za mwisho.

Lakini ngoja, nisije nikakulipisha kwa ajili ya majuto yangu. Kaka yako naye nilimlipia, miaka miwili, na sidhani kama alifungua hata nusu. Alitaka mpira tu. Hiyo pesa ilikwenda, siwezi kukuficha. Ingawa bahasha yake hakuruhusu mtu mwingine aifungue, hata akiiacha wiki nzima juu ya kabati. Sijui hilo niliweke upande gani.

Kuhusu simu, sina ugomvi nayo. Majarida mengi yanasomeka humo pia. Ila humo mtoto ndiye anayeliendea jarida, na njiani kuna mengi ya kumpoteza. La karatasi linamjia lenyewe, na linamjia kwa jina lake. Narudia hili la jina, najua, mama yako huwa ananicheka.

Sasa unangoja niseme ndiyo au hapana. Niliandika "lipia", nikakata. Pesa ni yako, watoto ni wako, na wewe unawaona wanapokuwa wamejifungia na penseli, mimi siwaoni. Ila ukilipia, kila mmoja awe na lake la umri wake, maana la miaka tisa litamlemea mdogo na la mdogo litamuudhi mkubwa. Na siku ukitaka kusitisha, waulize kwanza kama kuna kitu wanakingoja.

Katika barua yako ijayo niandikie majina yao kamili, yote matatu, kama yanavyoandikwa shuleni. La mdogo sina hakika na herufi moja.

Baba yako