Leteni rasimu ikiwa mbichi: kwa mnaoanza tuisheni ya uandishi

Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, kijana wangu mpya alifika barazani kwangu hapa Chikongola, Mtwara mjini, akanipa simu yake. "Mwalimu, naomba uipitie hadithi yangu." Nikasoma, nikaanza kumuuliza kuhusu mhusika mkuu. Akanikatiza kwa adabu: "Ila nimeshaituma kwenye shindano jana."

Ni wa tatu mwaka huu. Nawapenda sana, wadogo zangu, na ndiyo maana naandika haya hasira zikiwa hazijapoa.

Shuleni tulifundishwa kuchambua fani na maudhui ya vitabu vya watu wengine. Tulijua kutaja kisengerenyuma, taharuki, nafsi ya usimulizi. Ila aliyekaa na ukurasa wako mmoja kwa saa nzima, akakuuliza kwa nini mhusika ameingia jikoni badala ya kutoka nje, hakuwepo. Angetoka wapi, darasa lina watoto 80? Mwalimu wa tuisheni anakupa saa hiyo. Sasa itumieni.

1. Leta rasimu ikiwa mbichi. Hadithi uliyokwisha kuipiga pasi huna tena moyo wa kuikunja.

2. Soma kwa sauti mbele ya mwalimu wako. Wangu alikuwa mzee mstaafu wa Mikindani. Nilipokuwa nasoma shairi alikuwa akigonga benchi kwa kidole, mizani kwa mizani, yaani silabi kwa silabi, na kidole kikisimama nilijua nimeharibu. Nilikuwa nahesabu "Mtwara" mizani 2. Kumbe ni 3, m-twa-ra, kwa sababu hiyo M inasimama peke yake, wakati "mbuzi" ni 2 tu maana m imeshikana na b. Kanuni hiyo nilikuwa nimeisoma kitabuni mara nyingi na mishororo yangu ikaendelea kuchechemea, mizani 9 ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), 8 utao (nusu ya pili). Kidole cha mzee kiliniponya kwa Jumamosi moja.

3. Usipeleke kazi kwa watu kabla mwalimu hajakuuliza maswali. Hapa nitakaa kidogo.

Msimu wa korosho wa 2018 mnaukumbuka. Wakulima walizikataa bei za mnadani, na Novemba serikali ikatangaza kwamba itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kusomba mizigo. Ukafuata uhakiki wa mashamba, kuwasaka wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa bakuli nje ya mnada, kwa bei ya chini. Mjomba wangu wa Tandahimba hakuwa na hata gunia moja ghalani. Alikuwa ameshauza kangomba tangu mikorosho ina maua.

Mwaka uliofuata nikaandika hadithi juu yake. Nilibadilisha jina tu. Baiskeli yake ya bluu niliiacha, mguu wake unaovuta niliuacha, mwembe ulio mbele ya nyumba niliuacha, hata ule msemo wake wa "haya, Mungu yupo" niliuacha. Nikamfanya mlevi wa uraka aliyeuza jasho la watoto wake kwa tamaa, kwa kuwa niliona hadithi inataka mtu wa kulaumiwa.

Mwalimu sikumwonyesha. Nilitaka kumshtukiza na kazi iliyokamilika. Nikaisoma mbele ya vijana wenzangu hapa mjini, wakapiga makofi mpaka masikio yakanipata moto. Mmoja alikuwa anarekodi. Siku 4 baadaye sauti yangu ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu Tandahimba, na mjomba alitambuliwa kabla ya aya ya pili kwisha. Vijana wa kijiweni wakaanza kumwita kwa jina la yule mhusika. Akaacha kukaa barazani jioni. Mama alinipigia simu, akasema, "Mjomba wako ndiye aliyekupeleka shule," akakata.

Nyinyi ni watu wa kusini, sina haja ya kuwaeleza mjomba ni nani kwetu.

Nilipanda daladala siku hiyohiyo kwenda Mikindani, nikampa mwalimu karatasi zangu. Alisoma taratibu, hakugonga benchi. Kisha akauliza, "Huyu mtu yuko hai?" Nikajibu nikitazama chini. Akauliza tena, "Kwa nini aliuza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejaza kurasa 9 juu ya mtu ambaye sikuwahi kumuuliza lolote.

Ilinichukua miezi kupata ujasiri wa kupanda basi la Tandahimba. Mjomba alinipokea, akaniwekea sahani ya ming'oko, nikaomba radhi nikiwa sijaigusa. Alikaa kimya. Baadaye ndipo akaniambia kwamba mwaka ule mkewe alikuwa amelazwa Ndanda wiki 3, na mtu pekee aliyekuja nyumbani na fedha mkononi alikuwa mnunuzi wa kangomba. "Ungeniuliza ningekwambia, mpwa wangu." Alinisamehe. Mkewe mpaka leo hanisalimii vizuri, na ana haki.

Nikaiandika upya hadithi, safari hii ikiwa na wodi, na bakuli la kangomba, na mwanamume anayehesabu noti uani huku anajua anaibiwa. Baiskeli, mguu, mwembe na msemo vyote vikaondoka. Hakuna aliyeipigia makofi mengi kama ile ya kwanza, lakini mwalimu alipoimaliza aliomba kuisoma tena.

Maswali yale mawili yangechukua dakika 5 kama ningeyapata mapema. Hicho ndicho mnachonilipia.

4. Msimu wa korosho si likizo ya kuandika. Nenda shamba na daftari.

5. Mwalimu akikurekebishia sentensi, usiinakili, tafuta yako. Nina binti mmoja kutoka Shangani aliyekuwa anaandika kila neno ninalotamka, na baada ya miezi 2 hadithi zake zikaanza kuongea kama mimi, kizee, zimechoka, wakati yeye ana miaka 19 na anajua utani wa sokoni nisioujua. Nikamkataza kuja na kalamu kwa mwezi mzima. Alilia. Sasa anaandika mazungumzo ya wahusika vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye.

6. Najua wengi mmevutwa na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na mimi nilifurahi sana ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Shindaneni. Ila tarehe ya kufunga tuzo siyo tarehe ya kuiva kwa hadithi yako, na tuzo hurudi.

Kijana wa Jumamosi, nakusubiri wiki hii, saa ileile. Njoo na kitu kipya, hata kama ni aya moja. Na yule mvuvi wa kwenye hadithi yako, mwenye jicho moja na mtumbwi wa kijani: kama yupo hapo feri, uje umeshazungumza naye.