Ratiba za ndege kwenye simu bila bando

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina ofisi ndogo ya tiketi Kariakoo. Mteja anakuja kuulizia ndege ya Mwanza au Guangzhou, mtandao unagoma, nabaki kumwambia asubiri. Nimepakua programu mbili za ratiba, zote bila intaneti hazionyeshi kitu. Nikahifadhi ukurasa wa shirika la ndege kwenye simu. Unafunguka, ila kitufe cha kutafuta hakifanyi kazi. Simu ni Android ya kawaida. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yetu, simu yako haina tatizo. Ukurasa ulioubeba ni ganda tu. Ukibonyeza kutafuta, swali huenda kwenye kompyuta ya shirika na jibu hutoka huko, kwa hiyo bila mtandao hakuna wa kujibu. Programu nyingi za ratiba nazo hufanya kazi hivyohivyo. Ushauri wetu ni utengeneze jedwali lako mwenyewe. Wateja wako wanaulizia safari chache zilezile, na mistari 100 au 200 haifiki hata MB 1.

Tumia Google Sheets. Fungua jedwali jipya ukiwa na mtandao, kisha gusa vitone vitatu pembeni ya jina la faili na uchague lipatikane nje ya mtandao. Weka safu hizi: kutoka, kwenda, namba ya ndege, siku, kuondoka, kufika, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, na siku uliyohakiki. Kabla hujaandika chochote, chagua safu za siku na saa uziweke kwenye muundo wa maandishi matupu. Usipofanya hivyo, 0540 itageuka 540, na siku ulizoandika 1.3.5 zinaweza kugeuzwa tarehe bila wewe kugundua. Ukimaliza, washa hali ya ndegeni na ujaribu kulifungua. Jaribio hilo lifanyie ofisini, si mbele ya mteja.

Viwanja viandike kwa herufi tatu za kimataifa: DAR, ZNZ, MWZ, DOD, MBI kwa Songwe, BKZ kwa Bukoba. Angalia Kilimanjaro. Sisi sote tunasema KIA, lakini kwenye ratiba ni JRO. Ukitafuta KIA hupati kitu. Na uwanja wa Arusha mjini, ARK, ni mwingine kabisa.

Sasa tuje kwenye kusoma ratiba, maana hapa ndipo abiria wanapoachwa na ndege. Chukua mstari huu wa mfano, shirika tumeliita XX, na DOH ni Doha:

XX 123  DAR DOH  1.3.5..  0205  0755

Tarakimu za siku huhesabiwa kuanzia Jumatatu: 1 ni Jumatatu, 7 ni Jumapili, na nukta ni siku isiyo na ndege. Kiswahili chetu kinaanza kuhesabu Jumamosi, kwa hiyo jicho likiona 3 ulimi unataka kusema Jumatatu. Hapana, 3 ni Jumatano. Ndege hii inaruka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Saa nayo ongeza sita. Ikizidi 12, toa 12 mpaka ibaki 12 au pungufu. 0205 ni saa nane na dakika tano usiku, 1430 ni saa nane na nusu mchana. Lakini ukimwambia mteja "Ijumaa saa nane usiku", anaweza kufika uwanjani Ijumaa usiku, ndege ikiwa imeondoka tangu alfajiri. Mwambie, na umwandikie, "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, uwe uwanjani Alhamisi saa tano usiku". Alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika maana yake anafika kesho yake, usiifute unaponakili.

Kila saa kwenye ratiba ni saa ya mahali ndege ilipo. Doha wako sawa na sisi, Dubai wametutangulia saa moja, Guangzhou saa tano. Amsterdam wako nyuma yetu saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, kwa sababu Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Siku hizohizo misimu ya ratiba za ndege duniani nayo hubadilika. Msimu ulioanza 29 Machi 2026 unaisha 24 Oktoba 2026. Ukifika mwisho huo, usirekebishe mistari ya zamani: anza jedwali jipya na uliite kwa tarehe. Katikati ya msimu pia mashirika hubadilisha, hivyo pitia safari zinazouzika sana kila wiki na uandike tarehe ya kuhakiki.

Ratiba ya PDF ukiipata kwenye tovuti ya shirika, ipakue uihifadhi. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama faili. Picha ya skrini hubanwa, na 3 na 8 zinaanza kufanana.

Jambo moja kuhusu kalenda ya simu, kwa wafanyabiashara wanaokwenda China. Mteja akiwa Dar akiandika kwenye kalenda kwamba ndege ya kurudi ni saa 10:00 asubuhi, simu huihesabu kama 10:00 ya Dar. Akitua Guangzhou na simu kubadilisha saa, safari hiyo itasomeka 15:00, na ndege itakuwa imeondoka saa tano kabla. Anapoandika, achague saa za eneo la Guangzhou kwenye tukio hilo.

Jedwali hili halitakuambia kama ndege imechelewa, imefutwa au imejaa. Kwa hiyo ongeza safu ya mwisho: namba ya simu ya dawati la tiketi la kila shirika. Kupiga simu ya kawaida hakuhitaji bando la intaneti, na mteja atasikia jibu akiwa bado amekaa mbele yako.