Mdogo wako na nafasi ya lainibeka: mtazame Luke Kuechly kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Mdogo wako yuko Ohio, ana miaka 16, kocha wa shule kamwambia anafaa kucheza lainibeka kwenye futiboli ya Kimarekani, mama analia kwenye simu kwamba mtoto atavunjwa, na wewe unataka kujua kazi yenyewe ikoje na mtu akifika juu inampeleka wapi. Wadau wengi hapo juu wamekutajia mishahara. Mimi nitakusimulia mchezaji mmoja, kwa sababu nakaa Charlotte alikochezea, na nafasi hiyo niliicheza sekondari kabla sijaanza kusaidia kufundisha vijana wa hapa mtaani.

Kazi kwanza. Upande wa ulinzi wanaingia watu 11. Mbele wanainama wale majitu, mkono umegusa nyasi. Nyuma kabisa wako mabeki wa kukimbizana na wapokea pasi. Lainibeka anasimama katikati ya makundi hayo mawili. Ukimfikiria kiungo mkabaji wa soka hujapotea sana: anamzuia mkimbiaji, anamfuata mpokea pasi, na mara nyingine anatumwa kumvamia kwotabeka, yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi. Kwenye NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, yule wa kati ndiye mara nyingi huvaa helmeti yenye kinukta cha kijani nyuma. Ndani yake kuna spika, kocha anamsomea mpango. Saa ya kuanzisha mpira ikibakiza sekunde 15 sauti inakatwa. Kuanzia hapo yuko peke yake na macho yake, awapange wenzake na aubadilishe mpango akiona wapinzani wamejipanga tofauti.

Luke Kuechly ni kijana wa Ohio vilevile, wa Cincinnati, kazaliwa 1991. NFL haichukui mchezaji mpaka ipite miaka 3 tangu amalize sekondari, kwa hiyo alipita Boston College, akaondoka na tuzo ya Butkus ya 2011, ya lainibeka bora wa vyuo. Mwaka 2012 Carolina Panthers, timu ya hapa Charlotte, wakamchagua wa 9 kwenye drafti, ule mgawo ambao timu za NFL huchagua vijana kwa zamu. Mwanzoni walimweka pembeni, kwa sababu katikati palikuwa pa Jon Beason. Beason akaumia, dogo akasogezwa ndani, na msimu ukaisha ameangusha watu mara 164, kuliko mchezaji yeyote wa ligi mwaka huo. Msimu wa 2013 akachaguliwa mlinzi bora wa NFL nzima, akiwa na miaka 22. Desemba ya mwaka huo, dhidi ya New Orleans Saints, aliangusha watu mara 24 katika mechi moja.

Hapa ndipo nataka mama asikie vizuri, kwa sababu anadhani mtoto anaitwa kwenda kugonga watu tu. Kugonga kunakuja mwisho. Siku za mwanzo mazoezini kocha wetu alitukataza hata kumtazama mwenye mpira. Alitaka tutazame magadi, wale wawili wanaoinama kushoto na kulia kwa anayeanzisha mpira. Alinichuchumalisha mbele ya gadi mmoja, akanielekeza vidole vyake vilivyogusa nyasi. Vilikuwa vimebonyea mpaka kucha zimekuwa nyeupe. "Uzito wote uko mbele, huyu anakuja kukusukuma, wanakimbia na mpira." Kisha akamwambia gadi ajipange kama wa pasi: mkono ukagusa nyasi kidogo tu, makalio yakashuka, kisigino kikakaa tayari kurudi nyuma. Mimi nilitoka kwenye chandimu za Mbagala nikijua kumfuata mpira popote ulipo, na tangu siku ile nikaanza kuutazama mchezo huu kwa jicho jingine kabisa.

Kuechly aliifikisha kazi hiyo ya kusoma mahali ambapo sijaona mwingine akifika. Alikuwa akitazama video za wapinzani mpaka mipango yao anaijua, na ukisikiliza mechi zake za zamani utamsikia akiwapigia kelele wenzake mpira unakwenda wapi kabla haujaanzishwa. Siku ya Shukrani, Novemba 2015, kule Dallas, alinasa pasi mbili mfululizo za Tony Romo, kwotabeka wa Dallas, ya kwanza akaikimbiza mpaka tachidauni, yaani akafunga. Msimu ule Panthers walishinda mechi 15 wakapoteza moja. Kwenye mtoano alifunga tena dhidi ya Seattle, akafunga dhidi ya Arizona. Super Bowl 50, fainali ya ligi, wakafungwa na Denver 24 kwa 10, na jiji hili lilikaa kimya wiki nzima.

Sasa upande wa pili, na sitaki umfiche mama. Mwaka 2015 alipata mtikisiko wa ubongo. Novemba 2016, mechi ya Alhamisi usiku dhidi ya Saints hapahapa Charlotte, akaupata tena. Wakampakia kwenye kigari, naye analia, anahema kama mtoto mdogo aliyepotea, nchi nzima inaona kwenye runinga. Hakucheza tena msimu ule. Mwaka 2017 alitolewa tena kwa uchunguzi wa kichwa, na msimu huohuo tukamzoea akiwa amevaa kola ya shingoni iliyobuniwa kulinda ubongo.

Mimi nilipata wa kwangu sekondari. Sikuzimia. Taa za uwanja tu zilianza kunichoma macho, na nikasikia jina la mpango wetu lakini sikukumbuka maana yake. Dada aliyekuwa mhudumu wa afya wa timu alinitazama mara moja, akanivua helmeti, akaondoka nayo. Kocha akamwomba anirudishe robo ya mwisho. Akakataa, akaikalia ile helmeti pale kwenye benchi mpaka mechi ikaisha. Namwombea mema mpaka leo.

Tarehe 14 Januari 2020 Kuechly akatangaza anaacha. Umri miaka 28, misimu 8, ameitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara 7. Alisema anaujua mchezo huu kwa namna moja tu, kwa kasi na kwa nguvu, na hana hakika kama bado anaweza kuucheza hivyo. Kuna watu kazini kwangu walisema amewaangusha mashabiki. Nilibishana nao na bado nabishana. Junior Seau, lainibeka mkubwa wa San Diego, alicheza misimu 20, akajiua 2012 akiwa na miaka 43, na uchunguzi wa ubongo wake ukakuta ugonjwa unaohusishwa na vipigo vya kichwa vya kurudiarudia. Chris Borland wa San Francisco aliacha 2015 baada ya msimu mmoja tu, kwa kuhofia hilohilo. Lakini London Fletcher, lainibeka mwingine, hakuchaguliwa kwenye drafti, wala hakuwa mrefu, akacheza misimu 16 bila kukosa mechi hata moja. Hakuna anayeweza kumwambia mama yako mtoto wake ataangukia wapi kati ya hao.

Kwa hiyo usimkataze kwa simu ukiwa Dar. Mpigie kocha. Muulize nani anasimama pembeni ya uwanja siku ya mechi, na je, mtu huyo akisema mchezaji hatoki tena benchi, kocha ana uwezo wa kumpinga? Jibu la hilo likiwa na kigugumizi, mtoe. Muulize anafundishaje kuangusha mtu: bega linaingia, kichwa kinakaa pembeni, macho juu. Muulize kwa wiki wanagongana siku ngapi mazoezini, maana vipigo vingi vinapatikana huko, siyo kwenye mechi. Dogo mwenyewe mwambie atafute mechi ya Dallas ya 2015 na aitazame akimfuata namba 59 peke yake, asiangalie mpira.

Ukishaongea na kocha, leta majibu hapa. Na kama dogo ana video ya mechi yake yoyote nitumie PM, nitaangalia miguu yake nikwambie kama anasoma magadi au anafukuza mpira.