Maswali ya Wasomaji: Moshi, Vumbi na Safari ya Mtumba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtumishi wa umma, ninaishi Nkuhungu na ofisi yangu iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Kila mara ninasoma kwamba tupunguze magari binafsi ili kulinda hewa. Lakini Dodoma ni mji wenye upepo na nafasi tele, na kinachowakohoza wanangu ni vumbi, wala si moshi wa gari langu dogo. Je, hoja hii haikuchukuliwa tu Dar es Salaam na kubandikwa huku? (Mtumishi, Nkuhungu)

JIBU: Ndugu Mtumishi, kuhusu vumbi umesema kweli, na wengi wanaoandika juu ya hewa ya miji hulisahau kwa kuwa wanaandikia miji ya mvua. Eneo letu hupata takriban milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na ardhi ikishakauka upepo wa kiangazi huipeperusha hadi vyumbani. Ila vumbi na magari havitengani kirahisi hivyo. Sehemu kubwa ya vumbi linaloingia madirishani mwa nyumba za kando ya barabara huinuliwa na magurudumu, hasa kwenye barabara za mitaa zisizo na lami na kwenye zile za lami ambazo mchanga wa pembeni haufagiliwi. Gari likipungua, moshi wake hupungua, na vumbi linalotimuliwa nalo hupungua pia.

Pili, ukubwa wa chembe ni jambo la kuzingatiwa. Chembe nyingi za vumbi ni kubwa na hunaswa puani au kooni. Huko ndiko kikohozi cha watoto wako kinakoanzia. Masizi ya dizeli, kwa upande mwingine, ni madogo kuliko mikroni 2.5, ilhali unywele mmoja una upana wa mikroni 50 hadi 70. Hayo hupita hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na mengine huingia katika damu, ndiyo maana madaktari huyahusisha na magonjwa ya moyo na kiharusi mbali na yale ya kifua. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2021, lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe hizi hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Upepo unatusaidia kuutawanya moshi, sikatai, lakini hauwasaidii mama lishe na mpiga debe wanaoshinda kituoni, hatua chache kutoka kwenye bomba la moshi la basi linalosubiri abiria huku injini ikinguruma.

Sasa tuje kwenye safari yako. Tufanye hesabu kuanzia katikati ya jiji, ambako hadi Mtumba ni takriban kilomita 17, ingawa wewe unatoka mbali zaidi. Gari dogo likitumia lita 9 kwa kilomita 100, kwenda na kurudi litachoma lita 3 hivi za petroli, na kwa kuwa kila lita hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, hizo ni kilo 7 kwa siku kwa ajili ya mtu mmoja. Basi aina ya Coaster lenye watu 25, hata likichoma lita 18 za dizeli kwa kilomita 100, litamgawia kila abiria chini ya kilo 1. Likirudi tupu kila safari, bado mgao wake hautavuka kilo moja na nusu.

Hilo la kurudi tupu si dogo, na kwa maoni yangu ndiyo kiini cha tatizo la Dodoma. Asubuhi watu wote huelekea Mtumba, jioni wote hurudi mjini, na katikati ya siku barabara huwa kimya. Mwenye daladala anayeishi kwa hesabu ya siku hawezi kuipenda njia ya namna hiyo, kwa hiyo tusitarajie biashara peke yake ituletee usafiri wa uhakika. Ofisi zilizo jirani zikiungana kukodi mabasi ya watumishi, na zikapishana japo kidogo saa za kuingia, basi lilelile litaweza kupiga safari mbili kila asubuhi. Mabasi ya mwendokasi yenye njia yake maalumu, kama yale ya Dar es Salaam yaliyoanza mwaka 2016, yanahitaji abiria wengi mchana kutwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji letu, ilhali Dar es Salaam ilikuwa na zaidi ya milioni 5. Hapo hofu yako ya kubandikiwa mambo ina msingi. Kwa sasa inatosha kulinda hifadhi ya barabara isijengwe, ili njia ya mabasi itakapohitajika tusilazimike kubomoa nyumba za watu.

SWALI: Ninaendesha bajaji ya petroli, kijiwe changu kiko Nane Nane. Nimeshawishiwa kununua ya umeme. Je, inasafisha hewa kweli, au moshi unahamia tu kwenye mitambo ya umeme? (Dereva, Kisasa)

JIBU: Ndugu Dereva, inasafisha. Injini ya petroli hupeleka kwenye magurudumu takriban robo tu ya nguvu ya mafuta na kupoteza iliyobaki kwa joto, wakati mota ya umeme hupeleka sehemu kubwa ya nguvu inayopokea. Umeme wetu nao unatokana kwa kiasi kikubwa na maji, hasa baada ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 kuanza kuzalisha mwaka 2024, na hata ule wa gesi asilia hauchomwi kijiweni unapopumua wewe na abiria wako.

Kabla ya kutoa fedha, uliza aina ya betri. Zile za risasi na asidi ni za bei nafuu, lakini huchoka mapema kuliko za lithiamu. Uliza pia dhamana iliyoandikwa, na kama kuna fundi hapa hapa mjini. Ukibaki na petroli, safisha eya klina (kichujio cha hewa ya injini) mara kwa mara kuliko kitabu kinavyoelekeza, kwa maana kitabu hicho hakikuandikwa kwa vumbi la Kisasa. Ikiziba, injini hula mafuta na kutoa moshi mweusi.

SWALI: Sisi wazee tunaotembea kwa miguu tufanyiweje? Jua linatuunguza na njia za waenda kwa miguu zimejaa pikipiki. (Mstaafu, Makole)

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Mtembeaji hachafui hewa hata kidogo, naye ndiye anayehudumiwa mwisho. Miarobaini huvumilia ukame wetu, na ikipandwa upande wa magharibi wa njia humpa kivuli anayerudi jioni, ilimradi mtaa ukubaliane nani ataimwagilia katika miaka yake ya mwanzo. Kwa pikipiki, vigingi vifupi vya zege kwenye maingilio ya njia hufanya kazi kuliko tangazo lolote. Ombi la barabara ya mtaa lipelekeni TARURA kupitia mwenyekiti wa mtaa, la barabara kuu TANROADS, na la njia za daladala LATRA.