Maswali yenu: Woga wa giza

Mwanangu ana miaka mitano. Zamani alilala gizani bila shida, sasa hataki hata kwenda chooni uani bila kushikwa mkono. Wajomba zake wanamcheka, wanasema mtoto wa kiume haogopi. Nimekosea wapi? – Mama, Ujiji

Hujakosea popote, mama. Mtoto mchanga haogopi giza kwa sababu hawezi bado kuwaza kitu asichokiona. Wengi huanza kuogopa wakifika miaka miwili au mitatu, akili inapoanza kutunga picha zake yenyewe huku ikishindwa kuzitenga na mambo ya kweli. Kanga iliyotundikwa msumarini ikicheza na upepo, kwake yule ni mtu. Hadanganyi anapokuambia ameona mtu. Wengi huachana na woga huu kadiri wanavyokua.

Tena woga huu una asili ya zamani sana. Binadamu haoni vizuri usiku, na wanyama wanaoweza kumla wanaona. Watafiti waliofuatilia mashambulizi ya simba hapa nchini, hasa kule kusini, Lindi na Mtwara, walikuta kwamba kati ya mwaka 1988 na 2009 watu zaidi ya 1,000 walishambuliwa. Mengi yalitokea kati ya magharibi na saa nne usiku, na hatari ilipanda siku zinazofuata mwezi mpevu, pale jua limeshazama na mwezi bado haujachomoza. Hapa kwetu Kigoma, sokwe wa Gombe kila jioni hupanda mtini na kukunja matawi kutengeneza kitanda cha kulalia juu. Tahadhari ya namna hiyo ndiyo aliyozaliwa nayo mwanao.

Kwa hiyo wajomba waambiwe kwa heshima lakini waambiwe: kumcheka hakumpunguzii woga, kunamfundisha kuuficha. Na ile ya “ukilia zimwi litakuja” ikome kabisa hapo nyumbani. Mkubwa akishamwambia mtoto kwamba gizani kuna mla watoto, mtoto atamwamini, maana ndivyo tulivyomlea, atuamini. Huko chooni msindikize hadi mlangoni, baada ya siku kadhaa simama kwenye kona ya nyumba, ukimsemesha ili asikie sauti yako. Asisukumwe.

Nikimwachia taa usiku, hatadeka? – Baba, Mwanga

Hatadeka. Taa ndogo yenye mwanga hafifu inatosha, na ipunguze taratibu. Umeme ukikatika, mpe tochi ndogo ya sola aiweke chini ya mto. Akijua anaweza kuiwasha mwenyewe anatulia. Kibatari chumbani, hapana. Chandarua kikishika moto hamtawahi.

Usiku kucha niko ziwani na siogopi. Lakini nikishuka mwaloni alfajiri na kukatisha kwenye michikichi kwenda nyumbani, moyo unanienda mbio. Nina nini? – Mvuvi, Katonga

Huna ugonjwa, kaka. Ziwani una wenzako, mikono ina kazi, na mbele yako kuna taa zinazovuta dagaa. Ukishuka, vyote hivyo unaviacha mara moja. Halafu kuna macho yenyewe. Umeutazama mwanga mkali kwa saa nyingi, na jicho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Unapoingia kwenye michikichi bado huoni kitu, basi masikio yanafanya kazi ya macho: kuti likidondoka, mwili mzima unaruka. Gizani binadamu hushtuka kwa urahisi zaidi kuliko kwenye mwanga, hata aliye jasiri.

Usiudharau woga huo, maana unakuambia jambo la kweli: huoni unapokanyaga, na nyoka wapo. Tembea na tochi, na ukipata mwenzako wa njia moja, mngoje.

Kuna usiku nashtuka nimekabwa, siwezi kusogea wala kupiga kelele, na naona kama kuna mtu chumbani. Ni mapepo? – Mwanafunzi wa bweni, Kasulu

Tunapoota, ubongo huulegeza mwili ili tusirushe mikono na miguu tukifuata ndoto. Mara nyingine akili huamka kabla ya mwili, na ndoto ikawa haijaisha. Hilo ndilo jinamizi. Hupita lenyewe kwa sekunde au dakika chache. Kukosa usingizi wa kutosha na kulala chali huliongeza, kwa hiyo wakati wa mitihani lala mapema, lala ubavu.

Mjukuu wangu ana miaka mitatu. Jua likizama anajikwaa kwenye vigoda na kulia akitaka abebwe. Mchana anacheza vizuri. Nimfanyeje aache woga? – Bibi, Kibirizi

Shikamoo bibi. Huyu mpeleke kituo cha afya kesho, usingoje. Inawezekana haogopi chochote, ila haoni. Upungufu wa vitamini A huanza hivyohivyo, macho kushindwa kuona mwanga unapofifia, na ukiachwa huharibu kioo cha jicho hadi upofu usiorudi nyuma. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita; angalia kwenye kadi yake kama ameyakosa. Chakulani muongezee mboga za majani, na mawese yetu mekundu, ambayo yana utajiri wa kile mwili unachokigeuza kuwa vitamini A. Msiyachemshe mpaka yapoteze wekundu, maana wekundu ndio wenyewe.

Ukifika usimwambie mhudumu kwamba mtoto ni mwoga. Mwambie: mchana anaona, jua likizama anajikwaa.