Kabla ya kuomba jumuiya iupokee mradi wako

Jumuiya ya programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha) ikiupokea mradi wako, imepokea kazi ya miaka. Mradi ukishaingia Apache au CNCF, taasisi zinazolea miradi huria, au programu ikishawekwa kwenye Debian, mfumo endeshi huria, tundu la usalama litakaloonekana humo baadaye litawaangukia watu ambao hawakuandika hata mstari mmoja. Kwa hiyo wanaopima maombi hutazama watu kabla ya msimbo. Nani ataitunza programu hii siku mwanzilishi akipata ajira nyingine, au ufadhili ukikatika? Hapa Uganda, ambako programu nyingi huzaliwa ndani ya miradi ya wafadhili yenye tarehe ya mwisho, swali hilo ni zito zaidi.

Jibu hawalitafuti kwenye barua ya maombi. Wanafungua hazina ya msimbo na kuendesha git shortlog -sn, amri ya git (programu inayotunza historia ya msimbo) inayopanga wachangiaji kwa idadi ya mabadiliko yao. Jina moja likibeba karibu kila kitu, maombi yameanza vibaya. Apache wana sababu ya wazi: toleo halitoki bila angalau kura tatu za +1, yaani za kukubali, za wajumbe wa kamati ya mradi, kwa hiyo mradi wa watu wawili hauwezi kutoa toleo hata wakiwa na bidii namna gani. Tahadhari imeongezeka tangu Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alipogundua mlango wa siri (msimbo uliofichwa wa kumwingizia mvamizi) katika xz, programu ya kubana data, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Programu hiyo inayotumika kote duniani ilikuwa imetegemea mtunzaji mmoja kwa miaka mingi, na aliyeuingiza mlango alijenga imani kwa takriban miaka miwili kama msaidizi mwema hadi akapewa mamlaka ya kutoa matoleo.

Basi tafuta mtunzaji wa pili na wa tatu kabla ya kuomba, na wasiwe wote wa ofisi moja. Kikwazo kikubwa ni kwamba timu zetu huamua mambo kwenye kundi la WhatsApp. Mtu wa Gulu au wa Brazil anayefungua hazina anakuta mabadiliko makubwa yasiyo na maelezo, na hana pa kuanzia. Andikeni kila hoja ya muundo hadharani, pale pale msimbo ulipo, hata kama mmeshakubaliana kwa mdomo. Acheni pia hitilafu ndogo kadhaa bila kuzigusa, kila moja ikitaja faili la kuanzia na namna ya kuijaribu. Inakera kuacha kitu unachoweza kukirekebisha kwa dakika kumi, lakini wageni huingilia hapo. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuiona programu kompyuta isiyo na kitu na maelekezo yako ya usakinishaji, ukae kimya. Mara nyingi atakwama kwenye toleo la Java au Python lisilotajwa, au kwenye hifadhidata ambayo ipo kwa mwandishi peke yake.

Sehemu inayoangusha maombi mazuri kabisa ni hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya mwaka 2006, kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa au kwa kuagizwa ni mali ya mwajiri au aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Kuweka faili la leseni kwenye hazina hakubadilishi hilo. Pata barua iliyosainiwa na mwenye mali inayotaja leseni kwa jina, na uipate wakati mradi bado una bajeti na watu wanaojibu barua pepe. Ofisi ikishafungwa hakuna wa kusaini. Apache watakudai fomu ya mwenye mali kuukabidhi msimbo, na fomu ya kila mchangiaji mwenye ruhusa ya kuandika.

Kagua pia ulichoazima. Apache hawaruhusu toleo lao litegemee kwa lazima maktaba (msimbo wa wengine unaotumika ndani ya programu yako) yenye leseni ya GPL, inayodai kazi itokanayo nayo isambazwe kwa leseni hiyo hiyo. Debian wanaikubali GPL, lakini kifurushi kipya hupita kwenye foleni ambako hakimiliki na leseni za mafaili yake hukaguliwa, na JavaScript iliyobanwa isisomeke na mtu, bila chanzo chake, hukwamisha. Picha na fonti zilizookotwa mtandaoni nazo huhesabiwa.

Jambo moja lisisubiri: kufuta faili lenye nywila au rekodi za wagonjwa hakulitoi kwenye historia ya git. Badilisha nywila hizo kwanza, kisha safisha historia kwa git filter-repo kabla hazina haijawa wazi. Majina ya wagonjwa halisi kwenye data ya majaribio yanakuingiza moja kwa moja kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019.

Jiulize pia kama unahitaji mradi mpya. UgandaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa, imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, na kazi nyingi za kliniki zinatosha kuwa moduli ya OpenMRS au app ya DHIS2, programu huria ya takwimu za afya. Tungekushauri uanzie huko. Mlango wake ni mwepesi zaidi, na anayepima maombi atakuuliza tu kwa nini hukuchangia kilichopo. Ukiona jibu lako ni kwamba mlishindwa kuelewana na watunzaji wake, tegemea maswali zaidi.

Kwenye Apache Incubator, mahali miradi mipya ya Apache inapoanzia, utahitaji mtu wa ndani wa kukutetea, pamoja na walezi. Pendekezo hujadiliwa kwanza. Mjadala ukipoa bila pingamizi zito ndipo kura inafunguliwa kwa angalau saa 72, ili mtu wa kila bara apate nafasi. Zinahitajika +1 tatu au zaidi za wajumbe wa kamati ya Incubator, na ziwe nyingi kuliko -1, yaani kura za kupinga. Jibu kila swali kabla ya kura, hata lile linaloonekana la dharau. Jina la mradi nalo huchunguzwa lisigongane na alama ya biashara, kwa hiyo litafute mapema kwenye daftari la URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, na mtandaoni. CNCF wao, ukitoka ngazi ya kwanza, Sandbox, kwenda ya pili, Incubating, huwahoji watumiaji wako halisi. Hospitali au kampuni unayoitaja iwe na mtu aliye tayari kuzungumza nao.

Ukikubaliwa Apache, ripoti ni ya kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila robo mwaka. Mpangieni mtu wa kuiandika tangu siku ya kwanza, kwa sababu mradi usipotoa ripoti, walezi huanza kuujadili kama uliokufa.