Jibu: Nani anashika fedha na mamlaka katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani

Ndugu, umeuliza kwa nini NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani, hakizizuii ligi kubwa kujichukulia sehemu kubwa ya mapato. Sababu ni kwamba fedha za futiboli ya Kimarekani, mchezo unaoingiza mapato makubwa kuliko mingine yote, hazipiti mikononi mwake. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia, kwamba udhibiti wa NCAA juu ya matangazo ya televisheni ulivunja sheria ya ushindani. Tangu hapo haki za matangazo hayo huuzwa na vyuo na ligi zao, na ndizo zilizozipa SEC na Big Ten, ligi mbili zenye nguvu zaidi, uwezo ya kudai kanuni zinazozifaa. NCAA yenyewe hutegemea zaidi mashindano ya kikapu ya wanaume ya kila Machi. Mwaka 2014 ligi 5 kubwa zilipewa uhuru wa kujitungia baadhi ya kanuni, na vyuo vidogo vikabaki nyuma.

Kinachonisikitisha zaidi ni nafasi ya wachezaji. Kwa makubaliano ya kumaliza kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA, yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, kila chuo kinachojiunga na mpango huo kinaweza kuwalipa moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini kiwango hicho kilitokana na kesi hiyo, si na majadiliano ya chama cha wachezaji kinachotambuliwa kisheria, na mimi naona hilo ndilo pengo la kuzibwa kwanza.